Majina Yaliyobaki Mtwara

Siku ya kuniaga mlinipa kitenge, saa ya ukutani na dakika tano za kuzungumza. Kitenge nimeshashona. Saa iko sebuleni hapa Magomeni ya Mtwara, inakwenda mbele kidogo lakini inakwenda. Dakika tano hazikunitosha, na nyie mlijua hazitanitosha, ndiyo maana mkamweka mshereheshaji karibu na kipaza sauti. Basi naandika. Hapa hakuna wa kuninyang'anya.

Sitasema nilipandishwa daraja lini wala nilikuwa napokea nini. Hayo yamo kwenye jalada langu, na kama nilivyowafundisha, jalada la mtu halisomwi na asiyehusika. Ninachotaka kueleza ni jinsi masjala yetu ilivyokuja kuwa na mashine zinazotumia programu ambazo kila mgeni akiziona huuliza mbona hazifanani na za kwao. Wawili kati yenu mmeshaniambia kwamba tulichukua Linux kwa sababu hospitali ilikuwa haina uwezo wa kununua zile za watu wote. Si kweli. Tuliichukua kwa ubishi, na ubishi wenyewe ulikuwa na sababu.

Kabla ya hospitali nilikuwa karani wa zamu kwenye kiwanda cha korosho. Kiwanda kilipofungwa nikakaa miaka kadhaa nikiuza mikate ya kumimina pale Ufukoni, mpaka mwanzoni mwa miaka ya tisini nilipopata kazi hospitalini. Siku ya kwanza nilipelekwa kwa Bi Esha, mkuu wa masjala, mwanamke wa Mikindani kama mimi, mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja. Chumba kilikuwa na rafu za mbao kutoka sakafuni hadi darini, kadi za wagonjwa zimepangwa kwa namba, na mchwa walikuwa wameshakula rafu nzima ya chini. Bi Esha hakunikaribisha kwa maneno mengi. Alinipa brashi na kopo la mafuta ya taa, akaniambia nianze na mchwa.

Wiki ileile akaja mzee mmoja mfanyabiashara wa Chikongola, kanzu safi, kofia imekaa sawasawa. Alikuwa shemeji yake Bi Esha. Akaegemea kaunta, akasema kwa sauti ya chini kwamba kuna binti anataka kuolewa na mwanawe, na yeye kama baba angependa kuiona kadi ya huyo binti kidogo tu, ajue kama ana maradhi.

"Jambo la kheri hili, shemeji," akasema.

"La kheri ndilo," Bi Esha akamjibu. "Nenda kamuulize mwenyewe."

"Ataniambia ukweli?"

"Asipokwambia, basi hajataka ujue."

Mzee akaondoka bila kuaga. Baadaye Bi Esha aliniambia kwamba yule shemeji aligoma kumsalimia miaka miwili. "Nilipumzika," akasema, akaendelea kupanga kadi. Hiyo ndiyo semina niliyopewa kuhusu siri za wagonjwa. Zile nyingine za hotelini, zenye soda na sambusa, zilikuja baadaye na hazikuongeza kitu.

Kompyuta ya kwanza ililetwa na wafadhili miaka michache baadaye, na mwaka huohuo Bi Esha akastaafu. Alisema ameshapambana na mchwa, hataki kuanza na kingine. Nikawa mimi mkuu wa masjala. Mashine ilikuja na programu ya kumbukumbu za wagonjwa iliyotengenezwa na kampuni moja ya Dar es Salaam ambayo sasa haipo tena. Ilikuwa nzuri kwa macho. Kila mwaka kampuni ilitakiwa kututumia namba ndefu ya kuifungua upya, nasi tungeiandika, mashine ikakubali kuendelea. Sikuliona hilo kuwa tatizo. Kwa zaidi ya mwaka mmoja tuliingiza kadi humo, moja moja, na Mganga Mfawidhi wa wakati huo akaagiza kadi zote za zamani zikachomwe, maana zinakusanya vumbi.

Sikuzichoma. Nilizifunga kwenye maboksi ya sabuni nikazirundika stoo nyuma ya vitanda vibovu, na nilipoulizwa nikasema kazi inaendelea. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza kazini, na mpaka leo sijautubia.

Masika ikafika. Asubuhi moja nawasha mashine, inaniambia kwa Kiingereza kwamba muda wa leseni umekwisha. Nikapiga simu Dar, inaita haipokelewi. Barabara ya kusini ilikuwa imekatika, mabasi yamekwama njiani, barua hazifiki. Siku ya tatu ya kufungiwa huko akaletwa mama mmoja kutoka vijijini, tumbo limevimba, hajitambui, anatakiwa chumba cha upasuaji. Kaka yake aliyemleta alisema dada yake aliwahi kulazwa kwetu na kuna dawa alipewa ikamvimbisha uso akakosa pumzi. Dawa gani, hakujua. Daktari wa zamu akaja masjala mwenyewe, glavu mkononi, akauliza iko wapi rekodi ya huyu mama. Nikamwonyesha kioo cha kompyuta. Rekodi ilikuwa mle ndani, siwezi kuigusa.

Tulikwenda stoo. Tulivuta vitanda, tukapasua maboksi, mimi na mhudumu mmoja na Fundi Chitanda, ambaye alikuwa mwendeshaji wa redio ya upepo, ile tuliyowasiliana nayo na zahanati za vijijini. Alikuwa Mmakonde wa Newala, mrefu, mpole, mtu wa kuuliza swali moja kisha kukaa kimya. Tuliipata kadi kwenye boksi la tisa. Ilikuwa penisilini. Yule mama alipasuliwa akapewa dawa nyingine, akapona, akaenda zake kulima. Siku ile nilikaa sakafuni stoo, mikono imejaa vumbi. Chitanda alikuwa amesimama mlangoni.

"Dada Somoe, haya maandishi ni ya nani?"

"Ya wagonjwa."

"Na kufuli ni la nani?"

"La watu wa Dar."

"Basi tumeweka vyombo vyetu ndani ya nyumba ya mtu," akasema, akarudi kwenye redio yake.

Chitanda alichukua likizo akaenda Dar, siku mbili kwa basi. Alirudi na sidii tatu zilizofungwa kwenye gazeti, alizopewa na mhadhiri mmoja ambaye yeye Chitanda alikuwa akimtengenezea redio zamani. Akaziweka mezani kwangu.

"Hii inaitwa Linux. Ni programu huria. Unaruhusiwa kuinakili, kumpa mwingine, kuifungua na kuibadilisha ndani."

"Nani kakuruhusu?"

"Walioiandika."

"Wanataka nini?"

"Hawataki kitu."

Nilimwambia sijawahi kukutana na mtu asiyetaka kitu, azirudishe alikozitoa. Chitanda akacheka. Akanieleza kwamba maandishi yote ya ndani yako wazi, kwa hiyo hakuna mtu wa kujificha mle na kutufungia mlango. Ikiharibika tutaitengeneza wenyewe, au tutamwomba yeyote anayejua. Na rekodi zitakaa hapahapa, kwenye mashine tunayoiona kwa macho.

Kuiweka kulichukua wiki tatu. Wenzangu msidhani ilikuwa kama leo, unabonyeza kitu kimoja unakwenda kunywa chai. Mashine ilikuwa kuukuu, ilikataa mara ya kwanza na ya pili, na ilipokubali ikatupa kioo cheusi na kistari kinachowakawaka. Hakuna picha, hakuna kipanya, ni kuandika amri tu. Wiki ya kwanza nilimchukia Chitanda. Nikanunua kaunta buku, nikawa naandika kila amri na kazi yake kwa lugha yangu: hii ya kutafuta, hii ya kunakili, hii usiiguse kabisa. Ikafika wakati vidole vikawa vinajua vyenyewe. Kadi zote za kwenye maboksi tukaziingiza upya. Hakuna aliyetushukuru, na sikumlaumu mtu. Kwa waliotutazama kwa nje, tulikuwa watu wawili tuliorudia kazi iliyokwisha.

Kisha Chitanda akaandika programu yetu wenyewe, yote kwa Kiswahili. Tafuta. Mgonjwa mpya. Sahihisha. Ukikosea iliandika, "Umekosea. Tulia, jaribu tena." Muuguzi mmoja mtu mzima, aliyekuwa akiikimbia kompyuta kwa kuogopa Kiingereza, aliijua kwa siku mbili, akaanza kuwafundisha vijana. Nyaya tulizipitisha darini, katikati ya popo, kutoka masjala hadi maabara na wodi ya wazazi. Umeme ulipokatika tulitumia betri za redio ya upepo. Chumvi ya bahari ilikula vyuma, kwa hiyo sidii za nakala tulizihifadhi kwenye kopo la maziwa lenye mchele uliokaangwa mkavu ili unyonye unyevu. Wageni walikuwa wakilipiga picha lile kopo. Lilifanya kazi.

Tulipata hasara pia. Kuna mara diski ilikufa tukapoteza kazi ya siku kumi na moja, kwa sababu mimi niliyetakiwa kuchukua nakala nilikuwa na harusi ya mpwa wangu na nikasema nitafanya kesho, na kesho yake nikasema hivyohivyo. Tangu hapo nakala ni mbili kila siku. Mnalalamika, najua. Endeleeni kuchukua.

Na kulikuwa na kile kitabu cha ndani ya mashine. Chitanda aliipanga iandike kila anayefungua rekodi ya mgonjwa, jina lake na saa. Maabara waliona namba, hawakuona jina. Wodi iliona wagonjwa wake tu. Kila Jumatatu Chitanda alisoma orodha mbele ya wote. Jumatatu moja akasoma, kwa sauti ileile ya kila siku, kwamba Somoe wa masjala amefungua rekodi ya mgonjwa fulani mara mbili bila sababu ya kazi. Mgonjwa huyo alikuwa jirani yangu wa Magomeni. Nilisikia analazwa, nikataka kujua. Nilikaa nikiangalia miguu yangu. Nilimnunia Chitanda siku mbili, siku ya tatu nikamwambia ahsante. Nilikuwa nimejiona nimemfikia Bi Esha, kumbe sijamfikia.

Sasa nifike kwenye lile mlilolisikia vipandevipande.

Dawa za kupunguza makali ya UKIMWI zilipoanza kuja huku kwetu, ilikuwa kama watu wamefunguliwa dirisha. Watu waliokuwa wanabebwa walianza kutembea. Ukafika pia mradi mmoja kutoka nje, na msimamizi wake, Bwana Raymond, kijana nadhifu kutoka Dar, mwenye heshima, mwenye haraka. Alileta kompyuta mpya kumi na dishi la setilaiti la kufungwa juu ya paa. Sharti lilikuwa moja: wagonjwa wote wa kliniki hiyo waingizwe kwenye programu ya mradi, jina kamili, kijiji, simu ya ndugu, majibu ya vipimo. Vyote vingekwenda moja kwa moja kwenye mashine za mradi, ng'ambo huko.

Tuliitwa ukumbini. Nikaomba kuuliza.

"Mama, taarifa zote ni siri," Bwana Raymond akasema kabla sijamaliza kusimama. "Zinalindwa kuliko benki."

"Zinakaa wapi?"

"Kwenye seva."

"Seva iko wapi?"

Akamtazama Daktari, yaani Mganga Mfawidhi, akatabasamu. "Iko nje ya nchi, Mama. Hilo lisikuhangaishe."

"Wanaoingia humo ni wangapi?"

"Ni wahusika tu."

"Sisi wanaoingia kwenye mashine yetu ni kumi na wanne. Naweza kukutajia wote sasa hivi, na nani yuko likizo. Nyie ni wangapi?"

"Siwezi kusema idadi hapa."

"Mgonjwa akitaka jina lake litolewe, nani analitoa?"

"Tutapeleka maombi."

"Kwa nani?"

Chitanda akainuka, akampa karatasi aliyoichapa asubuhi ile. Ilikuwa na kila walichohitaji kwa takwimu: namba ya mgonjwa, umri, dawa, amehudhuria au hakuhudhuria. Mahali pa jina palikuwa na namba. "Hii tunaweza kuwapa kila mwezi," akasema. "Majina yabaki Mtwara."

Bwana Raymond aliisoma, akasema ni kazi nzuri lakini haikubaliki. Daktari akafunga kikao.

Nataka kuwa mkweli juu ya Daktari. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amewazika wagonjwa wengi kabla dawa hazijafika, na kuna mtu alimwambia, au alimfanya aamini, kwamba dawa zinafuata majina. Mkikataa kutoa majina, dawa zitakwenda kwa wanaokubali. Aliniita ofisini akaniambia hivyo.

"Somoe, watu wakifa kwa ubishi wako utasema nini?"

Nilikwenda nyumbani na swali hilo. Siku iliyofuata nikaandika barua ya ukurasa mmoja kwamba sitatoa majina ya wagonjwa bila ridhaa ya wenye majina. Niliiandika kwa mkono, nikaweka sahihi, nikabaki na nakala.

Ijumaa nikapata barua yangu. Nimehamishiwa zahanati ya kijiji kimoja karibu na mdomo wa Ruvuma, "kwa manufaa ya umma". Mtakaokaa kazini muda mrefu mtazoea maneno hayo. Umma wenyewe huwa haujaulizwa.

Kule kulikuwa na muuguzi mmoja, vyumba viwili, mikoko upande wa bahari na mashamba ya muhogo na mikorosho upande wa pili. Kumbukumbu zilikuwa daftari. Nililipigia mistari, nikaanza kazi. Kulikuwa na redio ya upepo, na kila asubuhi saa tatu Chitanda aliita zahanati zote kwa zamu. Wote walikuwa wanasikiliza, hatukuweza kuzungumza wazi, basi tulikuwa tumekubaliana majina tuyaite korosho. Zamu yangu ikifika nilitoa ripoti ya wagonjwa, kisha namuuliza, "Na hali ya korosho, ova?"

"Korosho bado ziko ghalani. Ova," alikuwa akijibu.

Muuguzi aliniona natabasamu peke yangu akadhani nina shamba.

Mwezi wa pili akaja mwanamke mmoja, mkulima wa muhogo, amekonda, kikohozi hakimwachi. Alijiandikisha kwa jina la Zuhura. Muuguzi alimshauri aende mjini akapime. Akakataa. Nilimfuata nje, alikuwa ameketi kwenye kivuli cha ukuta akivuta pumzi.

"Kwa nini huendi, mdogo wangu?"

"Huko wanaandika jina kwenye kompyuta."

"Nani kakwambia?"

"Watu wote wanajua. Ukiandikwa leo, kesho anakusoma mtu wa Dar. Mume wangu yuko Dar, anabeba mizigo sokoni. Atanipa talaka mimi sijafika hata nyumbani."

Nilitaka kumwambia si kweli. Kabla ya mradi ningemwambia bila kusita. Lakini mimi nilikuwa kijijini na mashine ilikuwa mjini, na korosho za ghalani zinaweza kutolewa siku yoyote. Akajifunga kanga yake vizuri akaondoka, anasimama kila hatua chache kukohoa. Na hapo ndipo nilipopata jibu la kumpa Daktari. Watu wangekufa kwa kuogopa kuandikwa, na hao hakuna ambaye angewahesabu.

Nilikaa kule miezi saba. Siku moja asubuhi gari la hospitali likaingia, akashuka Daktari mwenyewe. Akakataa kiti, akakaa kwenye benchi la wagonjwa.

"Umesikia ya mjini?"

"Huku hatusikii."

Akanieleza. Hospitali nyingine ya jirani ilikuwa imekubali sharti la mradi mapema. Kompyuta yao ya mkononi ilipata virusi, mtu akaipeleka kwenye duka moja la kutoa fotokopi pale Chikongola ikasafishwe. Fundi wa dukani akaifungua, orodha ikatokea kwenye kioo, na watu walikuwa wamekaa pale wakisubiri fotokopi zao. Wakasoma. Kufika adhuhuri mji mzima unajua majina. Mwanamke mmoja muuza samaki alifunga mizigo akahama na watoto. Mwalimu mmoja wa msingi wazazi walikwenda kudai aondolewe darasani.

Nikamuuliza, "Na ya kwetu?"

"Ya kwetu Chitanda hajaitoa mpaka leo. Kila nikimuuliza ananiambia mashine inasuasua."

"Inasuasua kweli?"

"Wewe unajua kuliko mimi," Daktari akasema. Akavua miwani akaifuta. "Na nimeangalia fomu za kuagiza dawa. Wanataka idadi tu. Hawajawahi kutaka majina. Nilitakiwa kuzisoma kabla sijakuandikia ile barua." Akavaa tena miwani. "Rudi, Somoe."

Vijana, nilikuwa nimesubiri neno hilo miezi saba, na nilikuwa nimepanga nikilisikia nitalia. Sikulia.

"Huku nilikuja kwa barua, Daktari. Nitarudi kwa barua."

Aliniangalia, kisha akatoa karatasi za kuandikia dawa mfukoni akaandika palepale juu ya goti lake kwamba narudishwa masjala kuanzia kesho. Nikaisoma.

"Ongeza kwamba majina hayatoki."

"Somoe."

"Ongeza, Daktari."

Akaongeza. Akaweka sahihi, akapiga muhuri aliokuwa nao kwenye mkoba. Karatasi hiyo ninayo.

Mradi ulikubali namba bila majina. Ulikuwa hauna namna nyingine, maana baada ya lile duka hakuna hospitali iliyotaka kusikia. Bwana Raymond alikuja kuchukua kompyuta zake, akaacha mbili. Hakuwa na ile haraka yake. Kabla ya kuondoka alisimama mlangoni mwa masjala akamuuliza Chitanda kama anaweza kupata nakala ya programu yetu, kwa hospitali nyingine anazozisimamia.

"Chukua," Chitanda akasema. "Ukiibadilisha ikawa bora, utuletee na sisi."

Mimi nisingempa upesi hivyo. Ningemfanya angoje kidogo. Lakini Chitanda alikuwa hivyo, na ndivyo programu yenyewe ilivyo. Alistaafu kabla yangu, yuko Newala anatengeneza redio na kubishana na watu.

Nimalizie na siku moja, kiasi cha mwezi mmoja tangu nirudi. Nilikuwa nimeacha ujumbe kwa muuguzi wa kule zahanati, kwamba yule mwanamke wa kikohozi akirudi, aambiwe mimi niko masjala na aniulize mimi. Saa nne asubuhi nikamwona amesimama kwenye foleni, ameshikilia ukuta. Nikamtoa, nikampa kiti. Hakukaa.

"Muuguzi kasema wewe utaniambia ukweli."

"Uliza."

"Jina langu likiandikwa linakwenda wapi?"

Nikamshika mkono nikampeleka chumba cha nyuma. Nikafungua mlango. Mashine ilikuwa juu ya meza ya mbao, imefunikwa kitambaa, taa moja ndogo ya kijani inawaka, betri za redio ziko chini yake. Nikatoa kitambaa.

"Linaingia humu. Halitoki humu. Anayelifungua anaandikwa, hata kama ni mimi."

Akaitazama muda mrefu. Akasogea, akaweka kiganja juu yake, ilikuwa ya moto kidogo.

"Ndiyo hii tu?"

"Ndiyo hii tu."

Tukarudi kaunta. Nikakaa, nikafungua ukurasa wa mgonjwa mpya, nikaanza kuandika Zuhura. Akainama karibu na sikio langu.

"Futa, dada. Zuhura si jina langu."

Nikafuta. Akanitajia jina lake la kweli, la baba yake na la babu yake, polepole, ili nisikosee. Nikaandika yote matatu. Bado anakuja kuchukua dawa, na nyie mnamhudumia. Jina lake liko kwenye mashine. Hapa siliandiki.